Utunzaji wa Motokaa ya Fahari na Urithi wa Wahunzi wa Ufipa

Kila chombo kina historia mbili. Ya kwanza ni historia ya kuundwa kwake. Ya pili ni historia ya kutunzwa kwake. Ile ya kwanza huandikwa upesi, maana ina mwanzo ulio wazi, ina jina la mwenye kiwanda, ina tarehe ya maonyesho na picha za watu waliovaa vizuri. Ile ya pili haina siku ya sherehe. Huanza pale chombo kinapotoka mlangoni mwa kiwanda, ikaendelea katika mikono ya watu wengi wasiojuana, na mara nyingi huisha bila mtu kuandika hata mstari mmoja. Hata hivyo umri wa chombo hutegemea historia hii ya pili kuliko ile ya kwanza. Mabaharia wa Mwambao walilijua jambo hili zamani: jahazi lisilopandishwa pwani kila mwaka, likakalafatiwa na kupakwa shahamu, halikuokolewa na sifa ya mwashi aliyeliunda.

Insha hii yahusu historia ya pili ya chombo kimoja cha anasa, yaani motokaa ya fahari iliyoundwa kwa safari ndefu. Madai yake ni haya: motokaa ya namna hiyo haidumu kwa ajili ya fahari yake, hudumu kwa msaada wa jamaa zake wanyonge, na kwa maarifa ya watu ambao aghalabu hawaimiliki. Maarifa hayo yasipoandikwa hupotea katika umri wa mtu mmoja. Ili kuyapima madai haya yafaa tusimame mahali palipo mbali na kiwanda, kwa sababu karibu na kiwanda kila mtu huonekana fundi. Mahali nilipopachagua ni Pito, katika nchi ya Ufipa.

Pito ni kata mojawapo ya Manispaa ya Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, katika mwinuko wa mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari. Upande wa magharibi nchi hushuka mpaka Ziwa Tanganyika; upande wa mashariki hukatika ghafula kwenye ukuta wa Lyamba lya Mfipa na kuanguka katika bonde la Ziwa Rukwa. Maziwa yote mawili yako chini ya uwanda huu kwa mita 900 au zaidi. Juu ni nchi ya nyasi, upepo na baridi. Chini ni nchi ya joto. Njia iendayo Tunduma, ambako Ufipa hukutana na barabara kuu ya Mbeya na Zambia, ina urefu wa kilomita 220 na ushei, nayo ilipata lami katika miaka ya 2010 tu. Kabla ya hapo ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika. Mtu aliyefika Sumbawanga na gari zima alikuwa amekwisha kufanya mtihani.

Lakini mtu asidhani kwamba nchi hii iliyokuwa mbali na viwanda ilikuwa pia mbali na chuma. Kwa karne kadhaa Wafipa walifua chuma chao wenyewe, kilichoyeyushwa katika tanuri walizoziita malungu. Lungu lilikuwa mnara wa udongo uliokaribia urefu wa watu wawili waliosimamishana mabegani. Halikuvutiwa hewa kwa mivuo. Lilikuwa na matundu chini yake, na urefu wake wenyewe uliivuta hewa kutoka chini kwenda juu, kama bomba la moshi livutavyo, mpaka makaa yakapata joto la kuyashinda mawe ya chuma. Kilichotoka humo kilikuwa bado kimechanganyika na takataka. Kwa hiyo kilitiwa tena katika tanuri ndogo, kintengwe, ambako mivuo ilitumika, na ndipo mhunzi alipopata chuma cha kufulia jembe, shoka na mkuki. Kazi hiyo ilikuwa na miiko na dawa zake. Tanuri lilipambwa kama bibi arusi, na wayeyushaji waliwekwa katika nafasi ya waume, kwa kuwa waliamini kwamba chuma huzaliwa.

Wataalamu wamelieleza jambo hili kwa vipindi. Mwaka 1937 R. C. Greig aliandika juu ya uyeyushaji wa Ufipa katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na mwaka 1958 R. Wise akaandika katika jarida hilo hilo, pamoja na kueleza miiko ya kazi. Baadaye Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba mabaki ya tanuri hizo na kuonyesha kuwa Ufipa ilikuwa na ufundi wa namna zaidi ya moja. Msomaji atazame tarehe hizo vizuri. Mwandishi wa 1937 aliandika wakati jembe la kiwandani lilipokuwa limekwisha kulishinda soko la jembe la kienyeji. Mwandishi wa 1958 aliwategemea wazee walioikumbuka kazi ya ujana wao. Na mwandishi wa tatu alilazimika kuiuliza ardhi. Katika umri wa mtu mmoja ujuzi ulihama kutoka mikononi kwenda kwenye kumbukumbu, na kutoka kwenye kumbukumbu kwenda kwenye vifusi.

Wayeyushaji walikwisha, lakini wahunzi hawakwisha. Mhunzi aliyekosa chuma cha lungu alipata chuma kingine, nacho kililetwa na motokaa. Springi ya lori iliyovunjika ni chuma kigumu, chenye kunyumbulika, kilichokwisha kupikwa vizuri kiwandani. Ukiikata na kuitia motoni hutoa panga, shoka na kisu. Hivyo katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki motokaa ilimfikia mhunzi kwanza kama mawe ya chuma, kitu cha kuyeyushia riziki, kabla haijamfikia kama chombo cha kutengenezwa. Toka hapo hatua ya pili haikuwa ndefu. Mtu awezaye kuigeuza springi kuwa shoka aweza pia kufua jani jipya la springi kutoka katika jani kuukuu. Namna hii kiwanda cha mhunzi na gereji vilipakana, na mara nyingine vilikuwa kivuli cha mwembe mmoja.

Motokaa yenyewe ilianza kupita katika nchi hizi mapema kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 10 Agosti 1907 Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam na motokaa iliyoundwa kwa ajili yake na kiwanda cha Gaggenau, akapita nchi ya ndani mpaka kusini ya Ziwa Tanganyika, akaingia katika nchi ambayo leo ni Zambia, na tarehe 1 Mei 1909 akafika Swakopmund kwenye bahari ya magharibi. Alikuwa mtu wa kwanza kulivuka bara la Afrika kwa motokaa, na safari yake ilichukua siku 630. Hesabu hiyo yafundisha. Injini yake haikuwa dhaifu hata ihitaji siku 630 kwa safari ile. Siku zilipotea katika kutengeneza njia, kuvuka mito, kungoja petroli na kungoja vipuri kutoka ng'ambo. Chombo kilikuwa Afrika, lakini uhai wake ulikuwa bado Ujerumani. Kila kilipovunjika, kilikumbuka kwao.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilizuka Ulaya aina ya motokaa iliyokusudiwa jambo moja: kuwachukua watu wawili au wanne, pamoja na mizigo yao, kutoka nchi hata nchi, kwa mwendo mkubwa na kwa raha. Waitalia waliiita motokaa ya safari kuu, na herufi mbili za jina hilo, G na T, zikabandikwa nyuma ya magari mengi. Lancia Aurelia B20 GT ya mwaka 1951 huhesabiwa kuwa mojawapo ya mama zake. Bentley Continental ya mwaka 1952 ilikuwa binamu yake wa Uingereza. Motokaa hizo zilijengwa juu ya imani mbili: kwamba njia itakuwa nzuri, na kwamba fundi wa kiwanda atapatikana mwisho wa njia. Afrika Mashariki haikuwa na ahadi ya kutoa katika mambo hayo mawili.

Tena gari la fahari lilikuja kwetu likiwa na maana nyingine. Katika miaka ya 1960 watu wa Kenya na Tanzania walitunga jina la Wabenzi, wakimaanisha kabila jipya la wakubwa watambulikanao kwa Mercedes-Benz zao. Jina hilo lilikuwa dhihaka, na dhihaka ilikuwa na haki yake, hasa Tanzania baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Lakini dhihaka humtazama aketiye ndani ya gari. Haimtazami alalaye chini yake. Fundi hakuwa Mbenzi hata siku moja, ila bila fundi Mbenzi angekwenda kwa miguu. Mwanahistoria akiyasimulia magari ya fahari kwa kuwatazama wenyewe tu, atakuwa ameandika historia ya usukani na kuiacha historia ya injini.

Mashindano ya Safari yalilidhihirisha jambo hili mbele ya umma. Yalianzishwa mwaka 1953 kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na kwa miaka mingi njia zake zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakarudi saba tu. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakarudi tena saba. Mara zote mbili aliyeshinda alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404, gari lile lile lililobeba walimu, mahakimu na abiria wa kawaida. Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda na 404 katika miaka ya 1966 na 1967. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932 na kujifunza ufundi wa magari kabla ya kuwa dereva mashuhuri, alishinda mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544 iliyokwisha kushindana mwaka uliotangulia. Yaani alilinunua gari lililochoka, akalifanya lisichoke.

Magari ya safari kuu nayo yalipata zamu yao. Datsun 240Z, lenye pua ndefu na injini ya silinda sita, lilishinda mwaka 1971 chini ya Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 chini ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwaka 1978, mashindano yalipokuwa yamebaki ndani ya mipaka ya Kenya, Mfaransa Jean-Pierre Nicolas alishinda na Peugeot 504 Coupé ya silinda sita. Hili la mwisho ndilo tutakalolitumia kwa mfano, kwa kuwa ni gari la fahari kwa kila kipimo, na kwa kuwa ndugu zake waliijua Ufipa.

Tuseme, basi, kwamba Peugeot 504 Coupé imepanda kutoka Tunduma, imepita Laela, na imesimama Pito ikiwa na umri wa nusu karne. Itaidai nini nchi hii, na nchi itaweza kuilipa nini?

Kwanza itadai mifupa na viungo. Hapa madai yake yatalipika. Coupé ilitoka mwaka 1969, mwaka mmoja baada ya 504 ya milango minne, nayo ilijengwa juu ya sakafu ya ndugu yake iliyofupishwa. Mpangilio wa miguu ya mbele na ya nyuma ni wa ukoo mmoja. Zile 504 za kawaida ziliundwa zaidi ya milioni tatu, zikaunganishwa hata Mombasa, zikawa teksi na magari ya abiria katika nchi zote hizi. Kwa hiyo gereji nyingi zilijua kwa moyo sauti ya bushi iliyokwisha, mchezo wa boljointi iliyolegea, na alama ya mafuta kwenye shokapu iliyokufa. Fundi aliyejifunza mambo hayo chini ya gari la abiria hakuhitaji shule nyingine ili ayafahamu chini ya gari la tajiri. Jamaa mnyonge ndiye aliyefundisha jinsi ya kumwuguza jamaa mwenye cheo.

Pili itadai moyo, yaani injini. Watu wa Peugeot walikuwa na desturi moja njema: mapipa ya silinda ya injini zao za 404 na 504 hayakutobolewa moja kwa moja katika bonge la chuma, yalitiwa kama vikombe vya kuchomoa, na maji ya kupoza yaliyazunguka. Injini ya silinda sita, waliyoiunda pamoja na Renault na Volvo na kuitia katika Coupé kuanzia mwaka 1974, ilishika desturi hiyo. Faida yake yaonekana mbali na mji. Silinda ikilika katika injini ya namna nyingine, bonge zima hupelekwa penye mashine kubwa ya kulitoboa upya; katika hizi fundi huchomoa kikombe kilicholika, akatia kipya pamoja na pistoni na ringi zake, akaangalia tu kwamba vikombe vimesimama kwa kimo kinachopasa ili gasketi isivuje. Kazi hiyo yaweza kufanywa kwenye meza safi, mradi mikono iwe safi na haraka iwekwe kando.

Tatu itadai pumzi. Hewa ya Pito ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya sita. Kabureta iliyopimwa pwani hutoa petroli kwa kipimo cha pwani. Ikifika uwandani hewa hupungua, lakini petroli haipungui kwa kadiri ile ile. Injini hula kupita haja, plagi huwa nyeusi kwa masizi, moshi hutoka, na nguvu huanguka. Dereva asiyejua husema petroli ni mbaya. Fundi ajuaye hufungua plagi, akaitazama rangi yake kama tabibu atazamavyo ulimi, kisha akapunguza tundu lipitishalo petroli. Lakini gari likishuka kesho yake kwenda Muze bondeni au Kasanga ziwani, dawa ile ile yaweza kuwa sumu, kwa maana chini hewa ni nzito, na injini yenye njaa hupata joto kali. Kwa hiyo fundi wa Ufipa hawezi kutibu gari bila kumwuliza mwenyewe, "Unakwenda wapi?" Hili halimo katika kitabu cha kiwanda kilichoandikwa kwa ajili ya nchi ya tambarare.

Penye kabureta mbili, kama katika 240Z, kazi huongezeka, maana kila moja hulisha silinda tatu, na zote mbili hazina budi kuvuta pamoja. Ulaya walikuwa na saa za kupimia mvuto huo. Fundi asiye na saa huchukua kipande cha mpira wa bomba, akaweka ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta, akasikiliza mnong'ono wa hewa. Kisha akahamia ya pili. Hukaza huku, hulegeza kule, mpaka minong'ono miwili iwe mmoja. Sikio lililozoea halikosei sana. Sikio hilo, hata hivyo, haliachwi kwa wosia.

Nne itadai maji na breki. Katika mwinuko huu maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, wala hayangoji 100. Mfuniko wa radieta ndio uyabanao yasichemke mapema, na mfuniko uliochoka waweza kuua injini nzima, ingawa ni mdogo wa kushikwa kiganjani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Breki nazo hupata mtihani katika mteremko wa bondeni, ambako gari zito liliendalo kwa kukanyaga breki tu hupasha visahani moto mpaka mafuta ya breki yakachemka, na mguu ukazama bila jibu. Dawa ni gia ndogo na subira, na mafuta ya breki yasiyozeeka. Na dawa hizo tatu ni za bei nafuu kuliko kitu chochote katika gari la fahari.

Tano itadai ngozi na uso, na hapo nchi itashindwa. Bodi ya Coupé ilichorwa na kujengwa na Pininfarina wa Turin, kisha ikapelekwa Ufaransa kutiwa mitambo. Taa zake, vioo vyake, milango yake na mapambo yake si vya ndugu yake wa milango minne. Taa ya mbele ikivunjika, teksi mia moja hazitaikopesha nyingine. Hapa fundi bodi hunyosha badala ya kubadili, huchomelea badala ya kununua, na fundi wa viti hushona kile ambacho kiwanda kilikwisha kukisahau. Jambo hili lafaa liangaliwe: sehemu zilizo adimu ni zile zilizoongezwa kwa ajili ya fahari, na sehemu zilizo tele ni zile zilizowekwa kwa ajili ya kazi. Gari hufa kuanzia penye fahari yake, na huishi kuanzia penye unyonge wake.

Mafundi hawa walisomea wapi? Wachache walipita katika shule za ufundi, karakana za misheni na za serikali. Wengi walijifunza kwa kushika taa na kupokeza spana. Shule yao kubwa, kwa upande wa Tanzania, ilikuwa dhiki ya miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980. Fedha za kigeni zilikwisha, petroli ilipanda bei, vita na Idi Amin vya 1978 na 1979 vilikula akiba, na magari ya binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Vipuri havikuja mpaka mlango wa biashara ulipofunguliwa tena kidogo mwaka 1984. Katika miaka hiyo gereji zisizo na kibao, ambazo watu wa Dar es Salaam waliziita gereji bubu, zilifanya kazi ambayo viwanda havikuikusudia: zilikereza, zilichomelea, zilihamisha kiungo cha gari moja kwenda gari la ukoo mwingine. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake juu ya motokaa za Tanzania kilichotoka mwaka 2021, amewahesabu mafundi kuwa watu waliojenga maarifa. Hakuwatazama kama waigaji wa maarifa ya wengine. Ni neno la haki, na lilichelewa.

Yapo mabishano yanayopasa kuguswa. Wenye kupenda magari ya kale huko Ulaya na Marekani hutaka gari lirudishwe kama lilivyokuwa siku ya kuzaliwa kwake: rangi ile ile, skurubu ile ile, hata karatasi zilizobandikwa ndani ya boneti. Kwao kiraka cha gereji ni aibu. Fundi wetu ana nia nyingine. Yeye hutaka gari lifike liendako. Tangu mwaka 2003 yamekuwapo mashindano ya magari ya kale ya Safari yaliyopita Kenya na Tanzania, na humo nia hizo mbili hukutana: gari hurudishwa katika sura ya zamani, kisha hutiwa nguvu chini kwa chini ili listahimili mashimo. Ni ipi iliyo nia ya kweli kwa historia? Naona kwamba anayelirudisha gari katika siku yake ya kwanza huihifadhi historia ya kiwanda, na kwa kufanya hivyo huifuta historia iliyofuata. Kiraka kilichopigwa Sumbawanga ni maandishi. Chasema kwamba gari hili lilifika Sumbawanga, lilivunjika hapo, na palikuwapo mtu aliyejua la kufanya. Kukifuta bila kukiandika kwanza ni kuchana ukurasa.

Lugha nayo ni shahidi. Tazama maneno ya gereji. Usukani ulitoka chomboni ukaingia garini bila kubadili jina, na gurudumu lilikuwapo kabla ya motokaa. Breki, klachi, gia, plagi na radieta vilikuja na vitu vyake. Kukereza ni kazi ya kale ya maseremala, sasa ni kazi ya chuma. Lakini gari linapokuwa gonjwa, Mswahili huacha maneno ya kukopa: injini hukohoa, huchemka, hukosa pumzi, hula mafuta, hugonga, hufa. Wayeyushaji wa Ufipa walinena juu ya tanuri kama juu ya mwili uzaao. Mafundi wananena juu ya injini kama juu ya mwili uumwao. Lugha hiyo si ya pambo. Ni njia ya kupanga dalili na sababu zake, na mwanafunzi anayeipata huwa amekwisha kupata nusu ya ufundi.

Serikali zetu zimependa zaidi kuunda kuliko kutunza. Mwaka 1986 Rais Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa kwa shangwe, nayo hayakufika sokoni. Nia hiyo haistahili kudharauliwa. Ila ni vema kupima: katika miaka ile ile ambayo magari machache yaliundwa kwa fedha nyingi, maelfu ya magari yaliyokwisha kuhesabiwa wafu yalifufuliwa kwa nyundo na mpira wa bomba, na hakuna aliyepiga ngoma.

Sasa yale yaliyowapata wayeyushaji yanawakaribia mafundi wa kabureta. Magari yajayo huongozwa na kompyuta; plagi haisomwi tena kwa jicho, wala hewa haisikilizwi kwa sikio. Hakuna haja ya kuyalilia maendeleo hayo, kama isivyo haja ya kumrudishia mkulima jembe la lungu. Lakini jembe la lungu lilipoondoka liliondoka na elimu ya hewa, joto na udongo, elimu ambayo wasomi wametumia miaka mingi kuitafuta tena vipande vipande ardhini. Aliyeijua alikuwa hai mwaka 1937, akiketi katika kijiji chake, tayari kuulizwa. Na waliokwenda kumwuliza walikuwa wachache mno.

Mwenye kujua kuzipatanisha kabureta mbili kwa sikio yu hai leo, Sumbawanga na kwingineko, na umri wake si mdogo. Hahitaji sanamu. Ahitaji mwanafunzi mwenye daftari, atakayeketi naye kando ya gari wakati mkono unafanya kazi, aandike neno alitumialo kwa kila sauti, kila rangi na kila harufu, na sababu ya kila dawa. Chuo kisichoifanya kazi hiyo sasa kitaifanya baadaye kwa jembe na chekeche, kikichambua kutu kama kinavyochambua mavi ya chuma ya malungu.